Wanunuzi wa Nyumba ya Msituni

Picha ilinifikia kwenye simu kabla ya habari ya kifo. Ilikuja katika grupu la kwaya, mahali ambapo watu wa Goma siku hizi wanauza kila kitu, kuanzia majiko mpaka viwanja, katikati ya mistari ya Biblia na salamu za asubuhi. Nyumba ya mbao, vyumba vinne, msitu wake nyuma, ziwa linaonekana ukisimama barazani. Inauzwa haraka. Nilicheka peke yangu jikoni kwa lile neno haraka, kwa sababu nyumba ile ninaijua, na kama kuna jambo ambalo haijawahi kufanya tangu ijengwe ni kuuzwa haraka. Nikavaa miwani, nikaikuza picha kwa vidole. Mabati yameota kutu, baraza imelalia upande mmoja, lakini dirisha la jikoni lilikuwa palepale, chini kuliko madirisha mengine yote, kwa kuwa aliyelikata alilipima kwa kimo cha mke wake. Nikampigia komisioneri, yule dalali aliyetuma tangazo, nikamwuliza kama nyumba ina watu. Akasema haina mtu, mteja anaweza kuingia hata kesho. Nikamwuliza, na Mama Kanyere je? Akalirudia jina hilo kama anayelitafuta, kisha akasema ndiyo, kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuwa anabakia mule, alifariki kabla mvua hazijaanza, na ndiyo maana wenyewe sasa wanaweza kuuza. Nilimshukuru, nikakata simu, na chai yangu ikapoa mezani bila kuguswa.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule na diploma yangu, na nilitaka kitu kimoja tu: kwenda Goma kujifunza daktilo. Nilikuwa nimemwona msichana mmoja ofisini akiandika kwa mashine bila kuangalia vidole vyake, macho yake yakiwa dirishani, na tangu siku hiyo sikukaa tena kwa utulivu mahali popote. Mjomba wangu, Papa Bauma, alikuwa amehamia Goma kufungua depo ya mbao. Nyumba yake ya msituni, kule juu ya ziwa Ndalaga, alikuwa anaitafutia mnunuzi. Alinipa sharti lake tukiwa tumesimama kando ya lori huku wapakiaji wakitupia magunia. Niende nikae kule, nifungue madirisha, nifagie, niwaonyeshe wateja vyumba, na kwa wale wa mjini niwaonyeshe kwa Kifaransa. "Nyumba yenye iko na binti ya masomo inauzikaka mbio," aliniambia. "Siku itauzwa, weye unapanda kamyo unakuya kwangu, nakutia mu masomo. Kama haiyauzwa, basi tunangoja." Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyofungwa kwenye nyumba ile. Ikiuzwa ninaondoka, isipouzwa ninabaki.

Alichosahau kuniambia, au alichoona haya kuniambia, ni kwamba nyumba ilikuwa na mtu. Nilifika jioni na mvua, nikakuta saloni safi, viti vya mbao vimepangwa ukutani, vyumba vinatoa harufu ya libuyu, ule mti mwekundu ambao mbao zake hazichoki kunukia hata baada ya miaka. Kila kitu kilikuwa baridi isipokuwa jikoni. Jiko lilijengwa nyuma, peke yake, na mule ndani alikaa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, amefunga vitenge viwili, anageuza mateke, majimbi ya kwetu, kwenye majivu. Hakuuliza mimi ni nani. Alinisogezea kigoda, akanipa teke moja la moto na bakuli la maharagi, akasema nile kwanza, maneno yatakuja. Huyo ndiye Mama Kanyere. Mume wake alikuwa mpasuaji mbao wa Papa Bauma. Ndiye aliyeisimamisha nyumba ile, nguzo kwa nguzo, na baadaye mti mmoja ukamwangukia hukohuko msituni. Papa Bauma alimwambia mjane akae, asiende popote. Aliyasema hayo siku ya mazishi, mbele ya watu, akilia, na sasa alikuwa anaiuza nyumba.

Sikuwa mtu mzuri wa kuishi naye mwaka ule, nikubali tu. Asubuhi nilikuwa barazani kabla ukungu haujatoka ziwani, natega sikio kama kuna lori linapanda. Nilikuwa nayajua malori kwa mlio. Kule chini palionekana paa za senta, mnara wa kanisa, mitumbwi ya wavuvi, na barabara inayokwenda ikipotea kuelekea Sake, na kila kilichokwenda upande huo nilikionea wivu, hata mbuzi. Nyuma yangu ulikuwa msitu unaoshuka mpaka Walikale, na usiku ulipiga kelele zake ambazo sikutaka kuzijua majina. Nilifagia vyumba ambavyo havikuwa na vumbi. Nilikaa mezani nikapiga vidole kwenye ubao, nikijifundisha daktilo bila mashine, mpaka Mama Kanyere akachungulia na kuuliza, "Sifa, uko napika nini pale?" Nikamwambia najifunza kazi. Akaangalia meza, akaangalia vidole vyangu, akasema basi nikimaliza nije kuparua samaki, na hao nao wanahitaji vidole. Nilikwenda nikiwa nimenuna. Alikuwa na mkono wa kupika ambao sijaukuta tena popote, na nimekula kwenye hoteli za Kisangani na Bukavu. Tilapia wa ziwani aliwakausha kidogo juu ya moshi kabla ya kuwatia kwenye mawese. Sombe yake, yale majani ya muhogo, aliitwanga mara mbili. Bugali aliusonga ukawa laini na mzito kwa wakati mmoja. Nilikula kwa hasira zangu zote, na kila siku niliacha sahani nyeupe.

Mteja wa kwanza alitoka Rubaya, mfanyabiashara mwenye viatu vya ngozi na sauti kubwa. Nilimzungusha vyumbani kwa Kifaransa changu chote. Aligonga kuta, akasifu mbao, akasimama barazani akatamka kwamba hapa ndipo atakapozeekea. Moyo wangu ulianza kupanga nguo. Kisha Mama Kanyere akatokea na beseni la maji ya kunawa, amelishika kwa mikono miwili na goti limepinda, akamwambia mgeni karibu mezani, njia ilikuwa ndefu. Alikula samaki wawili, akaongezwa bugali, akaongezwa tena, akafungua mkanda. Mwishoni, wakati ninamsindikiza kwenye njia, aliniuliza kwa sauti ndogo yule mama ni wa nani. Nikamwambia ni mjane wa fundi. Na ataenda wapi? Nikasema sijui. Akanipa mkono, akasema atatuma habari. Hakutuma habari yoyote.

Wa pili alikuja kutoka Pinga, mtu wa mawese na mchele, pamoja na ndugu yake. Walilala kwetu kwa sababu ya mvua. Mama Kanyere aliwapikia jioni, akawapikia asubuhi, mchana akawachinjia kuku ambaye mimi nilikuwa ninamhesabu kuwa wa Krismasi. Kuta zilikuwa mbao tupu na maneno yalipita, nami nilikuwa nakunja mashuka chumba cha pili. Ndugu yake alikuwa anasema nyumba iko muzuri, bei si tatizo, achukue. Mtu wa Pinga akamjibu taratibu, "Ndugu, weye hauone? Tumekula chakula ya ule mama mara tatu. Kesho nikuye kumuambia atoshe chungu yake ku mafiga? Na hii mudomo yenye iko ingali na mafuta yake? Hapana. Miye nitatafuta fasi ingine." Nilibaki na shuka mkononi. Kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho kilikuwa kinafanyika mbele ya macho yangu tangu nifike. Kwetu, mtu akishakula kwenye jiko la mwanamke hawezi tena kuwa yeye wa kumtoa kwenye jiko hilo. Haikuandikwa popote na hakuna hakimu atakayekushtaki, ila watu watakuangalia, na wewe mwenyewe utajiangalia. Mama Kanyere hakuwa anawakaribisha wateja wangu. Alikuwa anawafukuza kwa kijiko.

Nilimwendea jikoni. Nilimwambia ninajua anachofanya, kwamba Papa Bauma akijua atakasirika, kwamba mimi nina maisha yananingoja Goma na yeye anayapika kwenye chungu. Hakubisha na hakukasirika. Aliendelea kuchambua lengalenga, majani upande huu, vijiti upande ule. "Miye sifukuzake muntu," alisema. "Njaa inaingia na bageni, inatoka na beye, miye niko napika tu. Sifa, weye unataka kuenda. Miye nataka kubakia. Na tuko mu nyumba moja. Nani kati yetu iko na kosa?" Nikatoka nikaenda kusimama barazani, na baada ya muda, kwa aibu, nikarudi kula.

Wanangu nikiwasimulia haya wananiona wa ajabu. Wanasema mjomba angekwenda kwa wakili, angeleta karatasi, mama yule angetolewa siku hiyohiyo. Ninawaambia karatasi ilikuwepo na Papa Bauma alijua kusoma. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyekula kwake kuliko wote. Baada ya mtu wa Pinga alipanda mwenyewe kutoka Goma, amevaa koti, ameamua. Nilimsikia njiani akijizoeza maneno. Alimkuta Mama Kanyere mlangoni na beseni la kunawa. Alikula. Alikula akisema atamweleza akimaliza, akamaliza, akapewa fromaji, ile jibini ya Masisi, na ndizi, akalala kidogo, akaamka, akatembea kuangalia nguzo ambazo fundi wake alizisimamisha. Nilimwona ameshika mojawapo, ameiegemea kwa kichwa. Alipotaka kurudi alinivuta pembeni na kuniomba mimi nimweleze, kwa kuwa wanawake wanaelewana. Nikamwambia, "Mjomba, miye nakula kwake kila siku." Alifunga vifungo vya koti, akashuka bila kugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa mpango wake wote: alikuwa anatafuta mnunuzi atakayefanya kile ambacho yeye hawezi. Na kila mnunuzi aliyekuja alitaka jambo hilo liwe limekwisha kufanywa na Papa Bauma. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na mimi nilikuwa naozea katikati yao.

Kipindi cha kiangazi Papa Bauma alikuja na Papa Gasana, mfugaji wa milima ya Masisi, mtu mrefu mkavu, koti la mvua begani na fimbo mkononi. Yeye hakutaka vyumba. Alipitiliza mpaka ng'ambo ya nyumba, pale miti ilipokatwa miaka ile na majani yamefunika visiki, akapiga magoti, akang'oa majani, akayanusa. Aliporudi tulikuwa tumeandaa meza. Mama Kanyere alikuwa ameanza kupika tangu alfajiri na alikuwa amejizidi siku hiyo; harufu ilitoka jikoni ikajaza baraza. Papa Gasana alinawa kwa adabu, akakaa, akafunga macho akaomba, akashukuru kwa ajili ya mikono iliyopika. Kisha akatoa kibuyu chake cha maziwa kwenye mfuko, akanywa, akakifunga. Sahani zilibaki zimefunikwa. Papa Bauma alimsihi, akamwambia huyu mama anapika kuliko wote wa bonde hili. Mgeni akajibu kwa upole kwamba hana ubaya na chakula, ila tangu utoto wake, kwa watu wasio wa nyumba yake, hali kitu. Nilimwangalia Mama Kanyere pale mlangoni. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha kufunulia chungu. Mwaka mzima nilikuwa nimeombea mteja wa namna hii, na alipokuja nilitamani sakafu ifunguke.

Papa Gasana aliinuka, akaingia jikoni, jambo ambalo mteja mwingine hakuwa amelifanya. Tukamfuata sote. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akaangalia makaa, akasogeza majivu kwa ncha ya fimbo.

"Mama, hii moto iliwashwa lini?"

"Bwana yangu njo aliiwasha, siku tuliingia," Mama Kanyere alijibu. "Haiyazimika."

"Hata mu mvua?"

"Hata mu mvua. Hata siku tulimuzika."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. Alimgeukia Papa Bauma, akamwambia kwamba kwa watu wa ng'ombe moto wa zizi haulali, unawashwa kutoka moto wa nyumba, na yeye hawezi kuhamisha ng'ombe wake mahali ambapo moto una umri wa kiberiti. Wachungaji wake watashinda malishoni. Mke wake atakuwa huku na kule, soko na watoto. "Kama nanunua," aliuliza, "nani atabakia na moto?" Papa Bauma aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia ukuta. Mama Kanyere alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "Miye niko." Basi Papa Gasana akanyoosha mgongo, akasema ananunua nyumba, na moto, na mwenye moto, na kama mojawapo haiuzwi, yeye anachukua fimbo yake. Papa Bauma alicheka na kulia kwa pamoja. Walishikana mikono palepale jikoni, na mzee akasema kwa kuwa sasa hili ni jiko la nyumba yake, njaa inamwuma kweli, afunuliwe sahani. Alikula na kula, na Mama Kanyere alisimama nyuma ya mlango amejifunika uso kwa kitenge.

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Papa Bauma aliniambia lori la wiki ijayo ndilo langu, nafasi ya mbele kabisa, na shule imekubali. Nilianza kukunja nguo, nikakunjua. Sijui nieleze vipi. Mwaka mzima nilikaa mguu mmoja ndani mwingine nje, na sasa mlango ulipofunguka niliona nyumba kwa mara ya kwanza. Niliona jinsi mwanga unavyoingia chumba changu asubuhi kupitia nyufa za mbao. Niliona kwamba ninajua kuparua samaki bila kuangalia vidole. Mama Kanyere alikuwa anaimba akitwanga, na sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Nilifikiri juu ya maziwa yatakayokuja, zizi, sauti za watu, nyumba isiyo ya kuuzwa tena, na nikawaza kwamba mahali ninapopakimbia hapafanani tena na mahali nilipofika. Nilimpenda mama yule, hilo ndilo neno, na nilikuwa na aibu kulisema. Jioni ya mwisho nikiwa nimeshika bakuli langu nilimwambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba labda nitaacha lori hili lipite, nimsaidie kuvuna maharagi kwanza, malori hayaishi. Aliniangalia kupita moshi. Alichukua bakuli mkononi mwangu, akaenda kuliosha.

Asubuhi nilipoingia jikoni makaa yalikuwa yamefunikwa majivu na mafiga yalikuwa matupu. Hapakuwa na chungu wala uji, hata teke la jana. Mzigo wangu alikuwa ameufunga na kuuweka mlangoni. Nikamwuliza tutakula nini. Akasema hakuna kitu. Nilidhani ananitania, nikasogea kwenye kapu la viazi, akasimama mbele yake. "Enda, Sifa. Kamyo haingojake muntu." Nilimwambia nina njaa. Akasema Goma kuna chakula. Uso wake ulikuwa mgumu, hata hakunikumbatia. Alinipa mkono juu juu kama anavyopewa mpita njia, akarudi ndani, akafunga mlango wa jikoni ambao kwa mwaka mzima sikuwahi kuuona umefungwa. Nilishuka mlima ule nalia kwa hasira. Nilijiambia kwamba sasa amepata anachotaka, nyumba ni yake, ng'ombe wanakuja, mimi sina kazi tena. Mwanamke aliyelisha kila mpita njia wa Masisi na Walikale alikuwa amenifungia mimi chungu. Kwenye lori mama mmoja alinimegea hindi la kuchemsha tulipofika Sake, na nililikula nikiapa sitarudi kule.

Na sikurudi. Nilijifunza daktilo, nikapata kazi, nikahama. Nimeishi Goma, Bukavu, Kisangani, tena Goma, nyumba za kupanga, nyumba za mume, nyumba za kukimbilia, na popote nilipokaa sanduku moja lilibaki halijafunguliwa. Mara moja moja nilimtumia kitenge kwa mtu anayepanda. Yeye alituma fromaji. Tulisalimiana hivyo, kwa mikono ya watu. Barabara ilipofungwa nilisema ni barabara, ilipofunguka nilisema ni kazi, na ukweli ni kwamba bado nilikuwa nimesimama mbele ya ule mlango. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimenunia kifungua kinywa.

Baada ya tangazo lile nilingoja mpaka wenye pikipiki walipoanza kupita tena, nikapanda. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo. Matanga yalikuwa yamekwisha zamani. Nilimkuta Mama Dansila, mjane wa Papa Gasana, amerudi kufunga vyombo vyake vya mwisho vya kwenda navyo kwa watoto wake mjini. Ng'ombe hawapo, waliondoka na miaka mibaya. Aliniambia watoto wamejaribu kuuza mara nyingi, ila Mama Kanyere alikuwa bado anapika, na wateja walikuwa bado wanakula, na wao wenyewe walikuwa wamekulia kwenye sahani zake. Basi wakaacha, mpaka alipojizimikia mwenyewe kabla ya mvua. Tulicheka kidogo, wanawake wawili wazee kwenye vigoda. Aliniuliza mimi ni nani kwake. Nilipotaja jina langu aliacha kufunga. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, akavuta kigoda chake karibu.

"Weye njo Sifa," alisema. "Basi iko kitu niko na deni ya kukuambia, miaka yote hii. Siku tulifika na ngombe, mangaribi ya ile siku weye ulienda, miye njo niliingia ya kwanza, na njaa ya njia. Mama Kanyere alikuwa amekaa chini. Akapiga magoti, akatosha sahani chini ya kitanda yake. Bugali, samaki mbili, sombe, yote baridi. Akaniambia kula, dada. Nikakula. Kisha nikaona yeye iko nalia. Nikauliza juu ya nini. Akasema hii ilikuwa ya Sifa. Akasema, nilipika mbele yeye hayaamuka, nikaificha. Yeye hajue kukula kwangu na kuenda. Kama nilimupatia, angebakia."

Mama Dansila alinishika goti, akasema pole, yeye hakujua, ndiye aliyekula chakula changu, chote. Nikamwambia hakukosea, alifanya vizuri kula. Kisha nikamwambia na Mama Kanyere pia hakukosea. Sahani ile ningeila, na mpaka leo ningekuwa niko hapa.